Julius Kambarage Nyerere na Suala la Umiliki wa Magazeti: Maisha Yake Yakitazamwa Kutoka Butimba, Mwanza

1.0 Utangulizi

Maisha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere (1922–1999) yameandikwa mara nyingi, na aghalabu yameandikwa kama maisha ya mwanasiasa, mwanafalsafa wa Ujamaa, au mfasiri wa Shakespeare. Makala haya yanakusudia kuyasimulia kwa upande mmoja ambao haujapewa uzito unaostahili, yaani uhusiano wake na magazeti na redio. Katika kipindi cha zaidi ya nusu karne, mtu huyu alipitia hali zote nne ambazo mzungumzaji wa hadharani anaweza kuwamo. Alikuwa mwandishi wa barua katika gazeti la wengine, akawa msemaji wa gazeti la chama chake, akawa mkuu wa dola iliyomiliki karibu vyombo vyote vya Tanzania Bara, na mwishowe akawa mstaafu aliyehitaji vyombo vya wengine ili asikike.

Tumechagua kuyatazama maisha hayo kutoka Butimba, kusini mwa mji wa Mwanza, kwa sababu mbili. Kwanza, Butimba pana chuo cha ualimu kinachojulikana hasa kwa masomo ya sanaa, na jirani yake ni Nyegezi, ambako mwaka 1960 Kanisa Katoliki lilianzisha kituo cha mafunzo ya jamii kilichokuja kuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo kufundishia uandishi wa habari nchini. Mwalimu na mwandishi, yaani anayezalisha wasomaji na anayewaandikia, waliandaliwa katika ukanda mmoja wa ufuko wa Ziwa Viktoria. Pili, Mwanza ndiko kulikokuwa na makao ya mradi mkubwa wa kisomo uliobadili idadi ya wasomaji wa Kiswahili.

Hoja yetu ni kwamba katika utawala wa Nyerere mambo mawili yalikwenda kwa pamoja na kwa mwelekeo wa kinyume: idadi ya watu walioweza kusoma iliongezeka kwa kasi, na idadi ya wamiliki wa vitu vya kusomwa ikapungua. Mhakiki anayelitaja la kwanza peke yake humsifu, naye anayelitaja la pili peke yake humlaumu. Sisi tunadhani kwamba hayaeleweki ila yakiwekwa pamoja.

2.0 Sauti Ndani ya Gazeti la Wengine

Nyerere alizaliwa mwaka 1922 Butiama, mashariki ya Ziwa, akiwa mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki na Mgaya Nyang'ombe. Mwaka 1934 alianza masomo katika shule ya Mwisenge, Musoma, na mwaka 1937 akaenda Tabora. Alisoma Makerere kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, akafundisha Shule ya St. Mary's, Tabora, kisha akaenda Edinburgh mwaka 1949 na kurejea mwaka 1952 akiwa na shahada ya chuo kikuu.

Katika mazingira ya ujana wake, nani alikuwa na gazeti? Serikali ya kikoloni ilikuwa na Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 kwa Kiswahili. Misheni zilikuwa na magazeti yao. Kampuni ya walowezi iliyokuwa na makao Nairobi, yenye gazeti la East African Standard, ilianzisha Tanganyika Standard mwaka 1930. Mwafrika alikuwa na kidogo sana: Kwetu, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1937 na Erica Fiah, mfanyabiashara aliyetokea Uganda, ndilo linalotambuliwa kuwa gazeti la kwanza kumilikiwa na Mwafrika katika Tanganyika. Hivyo basi, kulikuwa na wamiliki wa aina mbalimbali, lakini wengi wao hawakuwa wenyeji wa nchi.

Mwaka 1943, akiwa mwanafunzi Makerere, Nyerere alipeleka barua katika Tanganyika Standard kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Jambo hili lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Fikra ambayo miaka ishirini na minne baadaye ingekuwa msingi wa Azimio la Arusha ilitokea hadharani katika gazeti la walowezi, kwa lugha ya Kiingereza, kwa hiari ya mhariri ambaye angeweza kuitupa kapuni. Mwandishi kijana alipewa nafasi, lakini hakuwa na haki nayo. Yumkini tofauti hiyo baina ya kupewa nafasi na kuwa na haki ilimkaa moyoni, kwani sera zake za baadaye zinaionyesha kwa uwazi.

3.0 Sauti ya Chama

Aprili 1953 Nyerere, akiwa mwalimu wa shule ya St. Francis, Pugu, alichaguliwa kuwa rais wa Tanganyika African Association. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Machi 1955 alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, na katika mwaka huo huo akaacha ualimu ili akitumikie chama.

Katika Jimbo la Ziwa, ambalo makao yake yalikuwa Mwanza, hali ilikuwa ngumu kuliko sehemu nyingine. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1954 serikali iliinyima TANU usajili katika Usukuma, na katazo hilo lilidumu hadi mwaka 1958. Mwaka huo watu wa Geita waliandamana hadi Mwanza kupinga baraza la mchanganyiko wa rangi walilowekewa. Mahali ambapo mkutano wa chama ni kosa la jinai, neno lililoandikwa hubeba mzigo wa mkutano: husomwa na mmoja, wakasikiliza wengi.

Mapema mwaka 1957 Nyerere mwenyewe alipigwa marufuku kwa muda kuhutubia hadhara. Ni katika mwaka huo ndipo lilipoanza Sauti ya TANU, karatasi chache zilizochapwa kwa njia duni na kusambazwa kwa mkono. Gazeti binafsi la Mwafrika nalo lilianza mwaka huo huo. Mwaka 1958 wahariri wake, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walifungwa kwa kosa la uchochezi, na Nyerere akashtakiwa kwa kashfa kutokana na maandishi ya Sauti ya TANU yaliyowahusu wakuu wa wilaya wawili. Alitiwa hatiani akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, faini ikalipwa.

Tunapaswa kusisitiza hapa kwamba Nyerere alijifunza maana ya sheria ya magazeti akiwa kizimbani. Alijua kwa uzoefu, wala si kwa kusoma vitabuni, jinsi dola inavyoweza kumnyamazisha mwenye gazeti dogo. Ujuzi huo ndio unaoyafanya yaliyofuata yawe mazito kuyatathmini.

4.0 Mwenye Dola na Mwenye Gazeti

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, uwanja wa magazeti ulikuwa bado na wenyewe kadhaa. TANU ilikuwa na Uhuru, na kuanzia mwaka 1964 The Nationalist. Ngurumo, gazeti la kila siku la Kiswahili lililoanzishwa mwaka 1959 na mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, lilikuwa na wasomaji wengi mijini. Kanisa Katoliki lilikuwa na Kiongozi, lililoanza Tabora mwaka 1950. Tanganyika Standard, ambalo baadaye liliitwa The Standard, liliendelea kuwa mali ya kundi la Nairobi, na mwaka 1967 kundi hilo likanunuliwa na kampuni ya Lonrho ya London. Maana yake ni kwamba gazeti kubwa la Kiingereza la Dar es Salaam, pamoja na ndugu yake wa Nairobi, liliamriwa na bodi moja iliyokuwa Ulaya. Muungano wa umiliki, basi, haukuanzishwa na Ujamaa. Ulikuwapo tayari kwa njia ya mtaji.

Hatua za serikali zilifuatana. Tarehe 1 Julai 1965 Shirika la Utangazaji la Tanganyika lilivunjwa, na redio ikawa idara ya serikali kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam. Katika mwaka huo huo katiba ya muda iliifanya nchi kuwa ya chama kimoja. Mwaka 1968 sheria ya magazeti ilirekebishwa ili kumpa Rais uwezo wa kulifungia gazeti. Tarehe 5 Februari 1970, siku ya kutimia miaka mitatu ya Azimio la Arusha, The Standard lilitaifishwa. Rais mwenyewe akawa Mhariri Mkuu kwa cheo, na uhariri wa kila siku akakabidhiwa Frene Ginwala, mwanaharakati wa African National Congress kutoka Afrika Kusini.

Mantiki ya Nyerere ilikuwa bayana. Gazeti linalomilikiwa na kampuni ya kigeni hulinda masilahi ya mwenyewe, na taifa linalojenga Ujamaa haliwezi kuiachia kampuni hiyo kazi ya kuwaeleza wananchi habari za nchi yao. Hati aliyolipa gazeti ililitaka liiunge mkono sera ya Ujamaa, na papo hapo iliruhusu ukosoaji wa utekelezaji wake. Kwa maneno mengine, alidhani kwamba mmiliki anaweza kuwa mmoja na sauti zikabaki nyingi, mradi tu mmiliki huyo ni umma.

Dhana hiyo ilipata mtihani mapema. Mwaka 1971 gazeti lilichapisha tahariri iliyoishutumu serikali ya Sudan kwa kuwanyonga wapinzani wake, na Ginwala akaondolewa katika wadhifa wake. Aprili 1972 The Standard na The Nationalist yaliunganishwa kuwa Daily News, chini ya uhariri wa Benjamin William Mkapa. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 iliendeleza uwezo wa kufungia magazeti, na mwaka huo pia lilianzishwa kwa sheria Shirika la Habari Tanzania, SHIHATA. Ngurumo nalo lilikoma mwaka 1976. Kwa upande wa magazeti ya kila siku ya Bara, hapo wamiliki walibaki wawili: serikali na chama. Na kwa kuwa mwenyekiti wa chama ndiye aliyekuwa mkuu wa serikali, wawili hao walikuwa na kichwa kimoja.

5.0 Wasomaji Wengi, Wamiliki Wachache

Upande wa pili wa historia hii unaonekana vizuri zaidi ukiwa Butimba kuliko ukiwa Dar es Salaam. Mwaka 1968 mradi wa majaribio wa kisomo cha kujiendeleza, uliosaidiwa na UNESCO, ulianza katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, makao yake yakiwa Mwanza. Uliendelea hadi mwaka 1972, na mbinu zake zikapelekwa nchi nzima. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Kwa mujibu wa takwimu rasmi za mitihani ya kisomo, kiwango hicho kilishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975 na asilimia 21 mwaka 1981. Hata anayezitilia shaka tarakimu hizo hawezi kukana kwamba mamilioni ya watu waligusa kitabu kwa mara ya kwanza.

Msomaji mpya asipopata cha kusoma husahau. Kwa sababu hiyo lilianzishwa Mwanza, mwaka 1974, gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho, lililoandikwa kwa Kiswahili chepesi na kuwahusu wakulima na wavuvi wenyewe. Kampeni za redio nazo zilitumia vikundi vya kusikiliza na kujadili. Ile ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni mbili. Kwa mwanaisimu, huu ulikuwa wakati ambapo Kiswahili sanifu kiliingia katika nyumba za Wasukuma, Wakerewe, Wajita na Wazinza kama lugha ya maandishi, na si ya soko na mahakama peke yake.

Sanaa nayo ilishirikishwa. Mwaka 1968 Nyerere aliwakutanisha washairi wa Kiswahili na kuwaomba walieneze Azimio la Arusha. Mathias Mnyampala aliitikia kwa ngonjera, utanzu ulioenea upesi mashuleni, ambako ulihitaji walimu wenye mafunzo ya sanaa, kama waliotoka vyuo vya aina ya Butimba. Kurasa za ushairi na barua za wasomaji katika Uhuru, na katika Mzalendo lililoanza mwaka 1972, zikawa jukwaa ambapo mkulima na karani waliweza kutajwa kwa jina. Hatuna budi kukiri kwamba sauti zilizosikika humo zilikuwa nyingi kuliko zile za Tanganyika Standard la mwaka 1943. Lakini upana huo ulikuwa wa wasemaji. Uchaguzi wa mambo yanayosemeka haukupanuka kwa kiasi hicho hicho.

Mpaka wa mfumo huo ulidhihirika katika Mwanza hiyo hiyo. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola viliwakamata watu wengi katika operesheni ya kukomesha mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi. Baadhi ya waliokamatwa waliteswa, na wengine walikufa mikononi mwa waliowashika. Umma ulielezwa rasmi mwanzoni mwa mwaka 1977, wakati Nyerere alipokubali kujiuzulu kwa viongozi waliohusika kwa nafasi zao, akiwamo Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi. Baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani baadaye.

Tukio hili lina pande mbili. Kwa upande mmoja ni sifa: ni nadra kwa mkuu wa nchi kuwawajibisha mawaziri wake kwa mateso ya raia wasio na jina. Kwa upande mwingine, uwajibikaji huo ulitoka juu. Mwananchi wa Usukuma aliyepotelewa na nduguye alikuwa amefundishwa kusoma, na yumkini aliweza kuandika barua. Lakini gazeti la kila siku ambalo angelipelekea barua hiyo lilikuwa la serikali au la chama, nao walioshika nduguye walikuwa watumishi wa serikali hiyo hiyo. Mlalamikaji, mlalamikiwa na mchapishaji walikutana katika mlango mmoja. Hapa ndipo tofauti ya mwaka 1943, baina ya kupewa nafasi na kuwa na haki, iliporudi upya, ila safari hii mwenye mlango alikuwa yule aliyewahi kubisha hodi.

6.0 Kung'atuka na Kurudi Hadharani

Nyerere aliacha urais mwaka 1985 na uenyekiti wa CCM mwaka 1990. Mwishoni mwa miaka ya 1980 magazeti binafsi yalianza kuchomoza, Business Times likiwa miongoni mwa ya kwanza mwaka 1988. Mfumo wa vyama vingi ulirejeshwa mwaka 1992, na mwaka 1993 sheria ikaruhusu redio na televisheni za binafsi. Kampuni ya IPP ikawa na ITV, Radio One na magazeti kadhaa, na Mwanza ikapata kituo chake, Radio Free Africa. Kituo cha Nyegezi nacho kiligeuzwa mwaka 1998 kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino.

Katika kipindi hicho mstaafu wa Butiama aligeuka kuwa mkosoaji mkali wa chama alichokiasisi na wa serikali aliyoiachia wengine. Kitabu chake, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, alichokiandika kwa Kiswahili kupinga hoja ya kuwa na serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, kilichapishwa Harare, Zimbabwe. Machi 1995 alizungumza na waandishi wa habari katika Hoteli ya Kilimanjaro, Dar es Salaam, kuhusu nyufa alizoziona katika taifa, na maneno yake yakaenea upesi kupitia vyombo ambavyo mfumo wa mwaka 1976 haukuwa na nafasi navyo. Mtu yule yule aliyekuwa Mhariri Mkuu kwa cheo alizungumza sasa kama raia mwenye hoja. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa Butiama.

Isidhaniwe kwamba soko lilikuwa jibu kamili. Katika miaka ya 2000 gazeti la Mwananchi liliingia katika kundi la Nation Media Group lenye makao Nairobi, jambo linalofanana kwa umbo na lile la mwaka 1930, ingawa lugha na wahariri ni wa nchini. Kampuni chache zilizokusanya redio, televisheni na magazeti kwa pamoja ziliibua tena swali la Nyerere: masilahi ya mwenye chombo ni yapi? Nayo Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilidumu hadi ilipofutwa na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, yaani iliishi miaka arobaini, na zaidi ya nusu yake ikatumika katika zama za vyama vingi na soko huria. Chombo cha udhibiti humtumikia pia mrithi ambaye hakukiunda.

7.0 Hitimisho

Maisha tuliyoyasimulia yanatupa mizani ya mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa: nani anamiliki chombo, nani anaweza kukisoma, na nani anaweza kulazimisha hoja yake ichapishwe humo. Nyerere alilielewa la kwanza kuliko wengi wa zama zake, na alikuwa na haki kuuliza kwa nini kampuni ya London isemee Dar es Salaam. La pili alilitekeleza kwa kiwango ambacho nchi chache za Afrika zilikifikia. La tatu aliliachia nia njema ya mmiliki, akiamini kwamba umma ukiwa ndiye mmiliki, basi umma hauwezi kujinyima sauti. Matukio ya Mwanza ya mwaka 1976 yanaonyesha kwamba unaweza, kwa sababu umma haukai katika chumba cha habari; wanaokaa humo ni watumishi walioteuliwa.

Kwa wanafunzi wa fasihi na isimu, funzo ni kwamba wingi wa matini si ushahidi wa wingi wa sauti. Anayekusanya ngonjera, barua za wasomaji na matoleo ya Elimu Haina Mwisho atakutana na Kiswahili kipana, chenye rutuba na wasemaji wa kila daraja. Pamoja na kuhesabu wasemaji hao, hana budi kutafuta pia ni mambo gani hayakuandikwa na yeyote kati yao, na kisha kuuliza mlango ulikuwa wa nani.